Tarumbeta za kabureta: miezi minane nazo kwenye Weber 40

Injini yangu ni ya cc 1,600, silinda nne, yenye kabureta mbili za Weber 40 DCOE. Kwa muda mrefu midomo ya kabureta ilikuwa imefunikwa na vichujio bapa, vimebanwa juu yake moja kwa moja. Ilivuta vizuri, ila ikikaribia mizunguko 5,500 kwa dakika ilichoka, kama mtu anayekimbia kaziba pua.

Nikanunua seti mbili za tarumbeta za alumini, yaani mabomba mafupi yenye mdomo uliopanuka yanayofungwa kwenye mdomo wa kabureta, moja ya urefu wa milimita 40 na nyingine ya milimita 90. Kazi yake ni rahisi kuielewa ukishaishika mkononi. Bomba lenye ukingo mkali huifanya hewa ijibane ikishaingia tu, kwa hiyo upana wote wa bomba hautumiki. Mdomo uliopinda kwa mviringo unaipokea hewa kutoka pande zote na kuiingiza bila kuivuruga. Urefu nao una maana yake. Vali ya kuingiza ikifunguka, wimbi la shinikizo hukimbia hadi mdomoni na kurudi. Likirudi wakati vali bado iko wazi, linaongeza hewa ndani ya silinda. Tarumbeta ndefu hulipata hilo mizunguko ikiwa chini, fupi hulipata mizunguko ikiwa juu.

Kosa langu lilikuwa kuzifunga na kuondoka bila kugusa jeti, vile vitundu vinavyopima mafuta na hewa ndani ya kabureta. Nikikanyaga mafuta, gari linakohoa kwa kupitia kabureta. Nikafungua plagi ya silinda ya pili: kauri yake nyeupe kama chaki. Hewa nyingi, mafuta machache, na ukiendelea hivyo kwa kasi pistoni inaweza kutoboka. Nilipandisha jeti kuu kutoka 125 hadi 130, nikashusha jeti ya hewa kutoka 180 hadi 170 ili kule juu mafuta yaongezeke kidogo, kisha nikasawazisha kabureta zote mbili upya. Plagi sasa ni hudhurungi isiyokolea. Kazi hiyo ilinila Jumamosi mbili nzima, na ndiyo iliyoleta nguvu. Anayekuambia utazifunga leo na kupata nguvu leo hajawahi kuzifunga.

Za milimita 90 zilivuta vizuri kuanzia 3,000, lakini midomo yake ilikuwa karibu mno na bati la pembeni. Mdomo unahitaji nafasi mbele yake, angalau sawa na kipenyo chake, la sivyo umeuziba tena kwa njia nyingine. Nikarudi kwenye za 40. Sasa kutoka 4,500 injini inapanda bila kusita, na ule uchovu wa 5,500 umekwisha. Huko chini, kwenye foleni, sioni tofauti yoyote.

Jambo moja lilinishtua. Boneti ikiwa wazi, mwenzangu akapandisha mizunguko kwa ghafla, nami nikaona ukungu mwembamba wa petroli ukielea mbele ya midomo, unatoka na kumezwa tena. Ni mawimbi yaleyale yanayorudisha mafuta nje. Tangu siku hiyo kizimamoto hakitoki ndani ya gari.

Wanaoziacha midomo wazi kwa ajili ya ule mlio siwaelewi. Mlio ni mtamu, nakubali, lakini vumbi linasaga ringi za pistoni na kuta za silinda, na wavu wa chuma unazuia mawe tu. Mimi nimevalisha soksi za sponji, kubwa za kutosha zisiukaribie ukingo. Kama kabureta zako ni zile ambazo slaidi (kizibo kinachopanda na kushuka kwenye njia ya hewa) inapandishwa na vakyumu, yaani mvuto wa injini, kama za pikipiki nyingi, fikiria mara mbili: zimetengenezwa kwa hewa tulivu ya boksi la kichujio, na ukiliondoa, mizunguko ya kati itakusumbua sana.

Sponji naziosha na kuzipaka mafuta yake mara kwa mara. Kila nikizivua napitisha kidole ndani ya tarumbeta, na mpaka wiki hii kimetoka kisafi.