Kutazama ndege Amani: lipia mwongozaji

Kwa anayewaza kwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, huko milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, kutazama ndege: usibane hela ya mwongozaji. Msitu ni mnene, miti mirefu, na ukungu wa asubuhi ndio usiseme. Ukiingia mwenyewe utasikia milio tu na kurudi na shingo inauma.

Kijana niliyetembea naye ni mzaliwa wa kijiji cha jirani. Yeye haanzi kwa kutazama juu. Anasimama, anategea sikio, halafu anakuelekeza tawi. Kando ya barabara, mahali palipojaa mitambaazi, alinizuia kwa mkono nisisogee. Tukakaa hapo mpaka nikaanza kunung'unika moyoni, maana mbu nao hawakuwa na huruma. Mara kikachomoza kindege cha kijivu, kidogo kuliko shomoro, mdomo mrefu mwembamba, kikarukaruka kwenye kamba za mitambaazi, kikazama tena. Basi. Wataalamu wanamwita Artisornis moreaui, na duniani kote anajulikana hapa Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu. Kwangu huyo peke yake alilipa safari.

Hondohondo, wale ndege wakubwa wenye mdomo mkubwa, hawana haja ya mwongozaji. Utasikia mabawa yakivuma kabla hujawaona, na wakishatua kwenye mti wa matunda ni kelele za watoto wa shule wakati wa mapumziko. Ila bila yule kijana nisingejua kwamba mti waliokuwa wakiushambulia, Maesopsis, si wa msitu huu. Uliletwa na wataalamu wa misitu, na sasa hondohondo wenyewe ndio wanaoueneza kwa kuangusha mbegu huku na huko. Alivyolieleza hilo nilishindwa kujua kama anawasifu au anawashtaki.

Bustani ya mimea, iliyotokana na taasisi ya Wajerumani ya mwaka 1902, niliipita harakaharaka. Mchana tulizunguka ukingo wa mashamba ya chai. Ndege wachache, jua kali, ningeomba tuuruke.

Lalamiko langu ni darubini niliyokodi mjini kabla ya kupanda: lenzi moja imeota ukungu kwa ndani, nikashinda nimefumba jicho. Azima ya rafiki. Halafu epuka masika, kwa sababu barabara kutoka Muheza ikilowa, hata bodaboda hupandisha bei.