Kaizari wa shilingi elfu nne

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne, ila karatasi za mwisho za kitabu nilichouziwa hazimo.

Kibanda chenyewe ni cha vitabu vilivyotumika, njia ya kutoka stesheni ya Tabora kwenda sokoni, chini ya mwembe, jirani na mama wa uji na vitumbua. Meza moja ya mbao, turubai la bluu lenye matundu, na kijana mwenye maneno matamu kuliko bidhaa zake. Vitabu vya dini mbele, vya kidato cha nne katikati, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa saruji, vile anavyoviita "vya wazee". Humo ndimo nilimkuta Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare juu ya mtawala wa Roma anayeuawa na watu wake, toleo la 1969. La kwanza lilitoka 1963. Akataka elfu sita. Nikamwambia, kijana, aliyefasiri kitabu hiki kasoma hapahapa Tabora, akarudi kufundisha St. Mary's, sasa unanitoza mpaka na nauli yake? Akacheka, akashuka hadi nne.

Shuleni nilikariri hotuba ya Antony, rafiki wa Kaizari, kwenye mazishi yake, kama wenzangu wote, mengine nikayasahau. Safari hii nimesoma nikiwa mstaafu wa reli, na nimekiona kitabu kingine kabisa. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha njia za treni. Behewa likiacha njia, watu wa uchunguzi wanakuja na makaratasi yao, na swali la kwanza ni nani alishika mkono wa pointi. Huwezi kuwaandikia "kudra". Niliwahi kujaribu. Behewa la mizigo lilishuka relini saa nane usiku, nikaandika kwamba reli haikukaa sawa kwa sababu ya mchanga ulioletwa na mvua. Mkubwa wangu akasoma mpaka mwisho, akaniuliza taratibu: "Taa uliishusha ukaangalia?"

Sikuwa nimeishusha.

Basi namsoma Kaizari kwa jicho hilo. Mtabiri kamwonya kuhusu 15 Machi. Mkewe Calpurnia kaota sanamu ya mumewe inatiririka damu. Asubuhi anafika Decius, mmoja wa wenye njama, anaigeuza ndoto ileile kuwa ya heri, anamdokeza kwamba Seneti imeamua kumpa taji, na bwana mkubwa anaitisha joho lake. Njiani anapewa barua yenye majina ya wauaji, anaiweka pembeni kwa kuwa inamhusu yeye mwenyewe, na mtu wa hadhi yake hutanguliza ya wengine. Taa zote zilikuwa nyekundu, dereva akapiga honi akapita.

Kati ya wauaji, Brutus ndiye anayeniuma, maana ni mtu mwema. Cassius, mwenzake katika njama, anataka Antony auawe pamoja na Kaizari, Brutus anakataa. Cassius anamwomba asimruhusu Antony kuzungumza mazishini, Brutus anamruhusu. Vita inapozuka, Cassius anamwambia tukae hapa, adui achoke kwa kututafuta, Brutus anang'ang'ania waende kupigana Philippi. Mara tatu, na kila mara sababu yake ni nzuri ukiisikia. Kisha usiku mzuka wa Kaizari unamtokea na kumwambia watakutana Philippi, na wasomaji wengi huushika mzuka huo kama hati kwamba yalishaandikwa. Angalieni mpangilio, jamani. Safari ya Philippi alikuwa keshaiamua kabla mzuka haujatokea!

Cassius naye ana lake. Ndiye anayesema mapema kabisa kwamba kosa haliko kwenye nyota zetu, liko kwetu. (Abandike hilo kwenye nguzo za umeme hapa mjini, pembeni ya yale matangazo ya kusafisha nyota.) Lakini huyohuyo, vita inapokaribia, anaanza kuhesabu ndege: tai wameondoka, kunguru wamekuja. Na anajiua kwa habari isiyo ya kweli. Mtumishi wake aliwaona wapanda farasi wamemzunguka Titinius, rafiki wa Cassius, akadhani katekwa, kumbe wanamshangilia. Hapo uchunguzi wangu ulikwama kidogo. Nikamfikiria Mtemi Isike wetu, aliyejilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 Wajerumani walipoingia. Huyo sijui ningemjazia nini kwenye mstari wa chanzo cha ajali.

Nikafungua ukurasa unaofuata, haupo. Karatasi za mwisho zililowa, zikagandana, zikang'oka. Sikuwahi kumwona Brutus akifa.

Nikamrudia kijana. "Shikamoo mzee wangu. Ile mvua ya Desemba iliingia usiku, ndivyo ilivyopangwa." Nikainua macho: matundu yaleyale. Nikainama: chini ya meza kuna turubai jipya, limekunjwa, bado liko ndani ya nailoni yake. Lini umenunua? Novemba. Sasa? "Nilikuwa natafuta kamba, mzee."

Mama wa uji alicheka mpaka akaweka upawa chini.

Elfu moja alinirudishia bila ubishi, na hilo nampa nyota yake. Ameahidi kunitafutia nakala nyingine. Ukienda, nenda asubuhi kabla jua halijaizunguka meza, chimba kwenye mfuko wa saruji, na ufungue kitabu mpaka ukurasa wa mwisho kabla hujatoa hela, maana mimi nilikagua jalada tu. Akikuanzia elfu sita, mwambie mzee wa reli alipata kwa nne, ikaishia tatu.