Loop Habit Tracker: programu ya tabia isiyokuadhibu kwa siku moja

Programu nyingi za kujenga tabia huhesabu siku mfululizo. Umeweka akiba siku 40 bila kukosa, siku ya 41 umepanda basi la alfajiri kutoka Mbeya kwenda Dar, hesabu inarudi sifuri. Hapo ndipo mtu huona kazi yote imepotea, akaifuta. Loop Habit Tracker, inayopatikana bure kwenye simu za Android, inapima kwa njia nyingine, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipendekeza.

Mfululizo bado unauona kwenye takwimu zake, lakini kipimo kikuu ni alama ya asilimia inayopanda na kushuka polepole. Tabia ya kila siku isiyokosa hufika karibu asilimia 80 baada ya mwezi mmoja, 96 baada ya miezi miwili. Ukikosa siku moja ukiwa kwenye 80, unashuka hadi kama 76 tu. Hilo linaendana na utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa 2010: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Makadirio yao ya katikati ya muda wa tabia kukomaa yalikuwa siku 66, ingawa watu walitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Siku ya 66 kwenye Loop ni karibu asilimia 97, kwa hiyo alama yake haitii chumvi wala haimpi mtu matumaini hewa ya lile dai maarufu kwamba tabia hujengeka kwa siku 21.

Kuna pia siku ya kuruka. Washa chaguo hilo kwenye mipangilio, kisha weka tiki mara mbili badala ya moja: alama yako ya asilimia haishuki, mfululizo haukatiki. Kwa huku kwetu ambako msiba unaweza kukuondoa nyumbani siku tatu, hiki si kitu cha mapambo.

Mfano wa mama mwenye meza ya nguo soko la Mwanjelwa, Mbeya, anayeweka fedha ya kikoba. Achague tabia ya kupimika, kipimo aandike shilingi, lengo 1,000 kwa siku. Biashara ikiwa mbaya akaweka 500, siku hiyo inahesabiwa nusu, haifutwi. Kwenye sehemu ya swali aandike kwa Kiswahili chake: “Umeshatenga ya kikoba kabla ya kufunga meza?” Swali hilo ndilo litakalotokea kwenye arifa. Kulifunga kwenye tendo ambalo tayari lipo, yaani kufunga meza, kuna nguvu kuliko “weka akiba” peke yake.

Kwenye saa ndipo wengi hukosea. Saa 12 asubuhi yetu huandikwa 6:00 kwenye simu. Ukiweka 12:00, kikumbusho kitalia adhuhuri au usiku wa manane. Na kikumbusho kisipolia kabisa, mara nyingi kosa si la Loop. Simu nyingi za bei nafuu hufunga programu zilizo nyuma ili kuokoa chaji. Ingia mipangilio ya simu, fungua programu, kisha betri, uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Dereva au muuguzi wa zamu ya usiku awashe pia chaguo la kuchelewesha siku mpya hadi saa 9 usiku, la sivyo kazi ya jioni itaandikwa kesho yake.

Haihitaji akaunti wala bando, na haina matangazo. Ila uhuru huo una gharama yake: kumbukumbu zote zimo ndani ya simu hiyo moja. Ikiibiwa stendi, zinaweza kuondoka nayo. Kila mwisho wa mwezi toa nakala kamili kupitia mipangilio, uitume kwenye barua pepe yako. Kwenye iPhone haipo.

Udhaifu unaoniuma zaidi ni kikumbusho kimoja tu kwa kila tabia. Mtu wa dawa asubuhi na jioni analazimika kutengeneza tabia mbili, na alama zinagawanyika. Pia programu haijui msimu. Lengo la glasi 8 za maji linalofikika Februari huwa mzigo Uyole, hapa Mbeya, mwezi Julai, baridi ikiwa kali na kiu haipo. Lishushe hadi 5, maji yawe ya uvuguvugu, badala ya kuandika sifuri wiki nzima.

Kijana anayebuni programu yake ya namna hii hapa Mbeya aanze na hayo mawili: vikumbusho zaidi ya kimoja, na saa inayosomeka kwa Kiswahili. Mashindano ya pointi na marafiki yasubiri. Alama inayosamehe aichukue kama ilivyo. Msimbo wa Loop uko wazi, hesabu yake inasomeka.