Beringi za stelingi kwa Honda yangu ya zamani, hapa Malindi: uzoefu wangu

Piki yangu ni Honda CG125, nliirithi kwa mjomba, na karibu kila siku inavuka daraja la Sabaki kwenda Gongoni kwenye mashamba ya chumvi na kurudi. Chumvi ile haichagui, inakula mudigadi, inakula cheni, na kumbe ilikuwa ishaingia mpaka shingoni mwa piki, zinapokaa beringi za stelingi, na mimi sina habari.

Dalili ya kwanza ilikuwa mlio. Nikishika breki ya mbele kwenye shimo nasikia "tok", mikono inausikia kabla ya masikio. Halafu nikiwa nasukuma piki uani, stelingi ikifika katikati inanasa kidogo, yaani kuna kijishimo inatumbukia, ukilazimisha inatoka. Nikajipa moyo ni uzee tu. Siku moja nimepita Mambrui, barabara nyeupe, nimefika sabini hivi, kichwa kikaanza kucheza kushoto kulia, wallahi nliona kaburi.

Fundi wa kwanza (simtaji) hakufungua kitu. Alitia spana, akakaza nati ya juu, akachukua 200 yake, akasema nenda. Mlio kweli uliisha, lakini sasa piki haiendi mbele, kwa mwendo wa polepole inatangatanga kama mlevi wa mnazi. Baadae ndo nikaelezwa kwamba piki hujisimamisha kwa kupinda stelingi kidogo kidogo bila wewe kujua, sasa ikikazwa mpaka ikawa nzito hairudi yenyewe, unabaki unaifukuza tu barabarani. Bora hata ule mlio.

Fundi wa pili ni mzee, kibanda chake kiko chini ya mwarubaini huko Maweni. Aliweka kreti ya soda chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia, akashika shoku zote mbili kwa chini akavuta mbele nyuma, halafu akaizungusha stelingi kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, hapa hakuna cha kukaza. Hizi zishakwisha."

"Ami, si tukaze kidogo tu nifike mwisho wa mwezi?"

"Utafika, lakini sijui wapi."

Basi akafungua. Alitandika gunia chini kwanza, na nikaelewa kwa nini, maana kwa piki hii ni gololi za kumwagika, ukishusha shoku zinadondoka kama ubuyu. Grisi ya chini ilikuwa ishakuwa uji wa rangi ya kutu. Akafuta kikombe cha chini (ile pete ya chuma gololi zinamozungukia) akanipa nipitishe ukucha, na hapo ndo nliposhangaa: vishimo vidogo vidogo, vimepangana sawasawa, kimoja kwa kila gololi. Ami akasema safari nyingi ni kwenda moja kwa moja, kwa hivo kila tuta na kila shimo gololi zinagonga pale pale, na grisi ikioshwa basi chuma kwa chuma. Cha chini huumia kwanza kwa sababu ndo kinabeba mzigo na ndo maji yanapopandia. Tena akanigombeza kwa kuoshea piki kwa ile mashine ya presha nikilenga shingoni. Kweli nlikuwa nikifanya hivo, tena kwa raha zangu.

Hapo kulikuwa na chaguo. Seti ya gololi dukani hapa ni 500, au zile tepa, za roli zilizolala mshazari, ambazo nliagiza Mombasa zikaja na matatu kwa 1,900 na nauli yake. Nlichukua tepa. Gololi inagusa kikombe nukta tu, roli inagusa mstari mzima, kwa mtu anayebeba mzigo njia mbovu hio tofauti si ndogo. Lakini usinunue kwa kuambiwa "ni za CG" tu, ami alipima kwa venia (kile kipimo cha kubana) ndani, nje na urefu kabla hajagusa nyundo.

Vikombe vipya nlivilaza friza ya mama usiku kucha, katikati ya barafu za ukwaju anazouzia watoto, na maneno nliyoyapata siyaandiki hapa. Baridi inavifanya vinywee kidogo, vikaingia kwa kugongwa kiungwana, kile kikombe cha zamani kikiwekwa juu yake ndo kipigwe badala ya kipya. Unasikia mlio ukibadilika kikifika mwisho, kutoka "ting" kuwa "dup". Grisi tulitumia ile ya mashua isiyotoka na maji, akaishindilia kwenye roli kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili.

Kazi iliyochukua muda kuliko zote ilikuwa kukaza. Alikaza mpaka ikawa nzito, akaipeleka mwisho hadi mwisho mara kadhaa ili zikae, akalegeza, akakaza tena kidogo kidogo. Kipimo chake: gurudumu hewani, stelingi katikati, unaisukuma kidogo, inafaa ianguke yenyewe upande bila kukwama na bila kujigonga kwa fujo. Halafu akafunga nati ya juu na kupima upya, kwa vile ile nati nayo inabana. Alirudia mara nne. Ufundi 800 na sikuomba kupunguziwa.

Matokeo ni kwamba mlio uliisha, kijishimo hamna, na juzi nimepita pale pale Mambrui mwendo ule ule imetulia. Seti naipa nne kwa tano. Moja naikata kwa sababu tepa ni ndefu kidogo kuliko za zamani na kifuniko cha vumbi cha juu hakikai sawa, tumekatia raba ya tyubu kuziba. Fundi tano kwa tano. Ameniambia nikipiga kilomita mia tatu nne hivi nirudi akaze tena maana zikishakaa hulegea, na jana nimeanza kusikia "tok" ndogo kwa mbali, kwa hivo Jumamosi niko kwake.