Dosimita ya kielektroniki: inalia kweli, ila ina masharti
Mimi ni mtu wa eksirei, na hii dosimita ndogo ya betri moja, kifaa cha kupima mionzi inayonifikia, naibana kifuani, uso wake ukitazama nje. Raha yake ni kuona namba papo hapo. Mashine ikiwa imezimwa inasoma karibu mikrosievati 0.1 kwa saa (mikrosievati ni kizio cha kupimia mionzi inayoufikia mwili), ile mionzi ya kawaida ya ardhini na angani. Nikisogea kitandani mashine ikipiga, mionzi inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa inaipandisha, kengele inalia, narudi nyuma ya kinga bila kuambiwa. Beji ya kawaida ya kupimia mionzi hungoja kusomwa maabara.

Kasoro zipo. Simu ikiwa jirani, namba zinaweza kuruka ovyo, basi mfuko mmoja na simu hapana! Tena eksirei za mapigo mafupi sana huweza kuiponyoka ikasoma pungufu, kwa hiyo beji siivui.

Kibanio kigumu, safi. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usiichovye. Ikilala kabatini toa betri, maana ikivuja inakula vyuma vya ndani. Kuhakikiwa vipimo kila mwaka ni gharama ambayo muuzaji aliitaja nilipokwisha kulipa.