NAS Ipi Ununue kwa Bekapu za Nyumbani au za Ofisi Ndogo

Kwa mwenye haraka, uamuzi wangu ni huu. Familia, au ofisi yenye kompyuta mbili hadi tano, inunue NAS (kisanduku cha mtandao cha kuhifadhia nakala) ya diski mbili ambayo programu yake inatunzwa na mtengenezaji kwa miaka mingi, itie ndani diski mbili za 4TB zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, iunganishe kisanduku na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme unapokatika, kisha ibakize fedha za diski moja ya nje itakayokaa katika jengo jingine. Kwa nyumba ninaiweka Synology DS223 nafasi ya kwanza; kwa biashara ninaiweka DS225+ mbele, na QNAP TS-264 inaifuata kwa karibu. Anayetaka kujua sababu, na hasa anayetaka kujua wapi wauzaji hupenda kuficha makucha, aendelee kusoma.

NAS ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, yenye diski ndani, inayounganishwa na ruta kwa waya ili kila kompyuta na simu iliyomo katika mtandao huo ihifadhi nakala zake humo. Si kila mtu anaihitaji. Mwenye laptop moja na mafaili ya kawaida atatosheka na diski mbili za nje za USB anazozipokeza zamu wiki kwa wiki, moja ikiwa mezani kwake na nyingine ikiwa kwa ndugu yake, na atabaki na chenji ya kutosha. NAS huanza kulipa gharama yake pale mashine zinapokuwa nyingi na watumiaji wake wakawa wasahaulifu, kwa sababu yenyewe hufanya nakala usiku wa manane bila kumsubiri mtu akumbuke kuchomeka waya.

Wapo watakaouliza kwa nini wasilipie tu hifadhi ya mtandaoni. Kwa nyaraka chache ni sawa kabisa, lakini piga hesabu kabla ya kuamua: kwa kasi ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti moja huchukua zaidi ya siku tisa za mfululizo, mchana na usiku, bila mtu mwingine kugusa intaneti hiyo. Isitoshe, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, Tanzania, Kenya na majirani zao waliona jinsi intaneti inavyoweza kudhoofika kwa siku kadhaa bila kosa la mteja yeyote. Nakala iliyomo chumbani haisubiri meli ya kuunganisha mkongo.

Kabla ya kutaja modeli, jua ukubwa unaouhitaji. Ofisi ya uhasibu au steshenari yenye barua, ankara na mafaili ya Excel inaweza kufanya kazi miaka mingi bila kujaza hata GB 500, hata ikizingatia sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinazotaka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Studio ya picha ni habari nyingine. Picha moja ya RAW, yaani picha ghafi kutoka kamera ya megapikseli 24 hukaribia MB 25 au 30, kwa hiyo harusi moja yenye picha 2,000 hula takriban GB 50 hadi 60. Studio inayopiga harusi mbili kila wiki inaelekea TB 5 au 6 kwa mwaka, na hapo hatujaigusa video. Mwenye studio ya namna hiyo asipoteze muda na visanduku vya diski mbili. Aanze na chenye nafasi nne.

Sasa diski, maana ndizo unazozinunua hasa. Diski mbili za 4TB pekee hukaribia bei ya kisanduku cha kawaida, na ndizo zitakazokufa kwanza. Zipangwe kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa katika moja kiandikwe na katika ya pili. Utapata nafasi ya 4TB, si 8TB, na Windows itakuonyesha takriban 3.6 kwa kuwa inahesabu kwa njia yake. Moja ikifa, kazi inaendelea huku ukitafuta nyingine. Lakini RAID si nakala rudufu: faili lililofutwa kwa bahati mbaya linafutika katika diski zote mbili kwa wakati mmoja, na kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia hakibagui diski.

Chagua diski zinazotumia mfumo wa uandishi uitwao CMR. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD (Western Digital) Red za 2TB hadi 6TB, zilizouzwa mahsusi kwa NAS, zilikuwa zimebadilishwa kimyakimya kwenda mfumo wa SMR, ambao hubana data zaidi lakini hukwama vibaya pale diski mpya inapojengwa upya ndani ya RAID. Baada ya malalamiko WD walizitenganisha, na diski za CMR za ngazi ya kawaida zikaitwa Red Plus. Kwa hiyo neno «Plus» kwenye lebo nyekundu si pambo. Seagate IronWolf ni CMR, na zote mbili huja na waranti ya miaka mitatu. Zile diski za kompyuta za mezani ambazo fundi atakwambia «ni ile ile tu, kaka» zitafanya kazi, lakini mimi nisingeziweka katika mashine isiyozimwa.

Hatari nyingine ni diski iliyotumika kuuzwa kama mpya. Mapema mwaka 2025 ilifichuliwa nchini Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizofanya kazi maelfu ya saa zilikuwa zimefutwa kumbukumbu za SMART, ambamo diski hujiandikia saa ilizofanya kazi, na kuingizwa madukani kama mpya, zikawafikia hata wauzaji wenye jina ambao hawakujua. Kilichozisaliti ni kumbukumbu ya ndani zaidi iitwayo FARM, ambayo ilibaki na saa halisi. Ikiwa jambo hilo limetokea huko, mnunuzi wa Kariakoo au Luthuli Avenue ana kila sababu ya kuwa macho. Ingiza namba ya diski kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa bado dukani, uone kama waranti ipo na inaisha lini; dai risiti ya kodi, ya EFD Tanzania au ya eTIMS Kenya, yenye namba hiyo; kisha siku ya kwanza isome diski kwa programu ya bure ya smartmontools, ulinganishe saa za SMART na za FARM. Muuzaji akikataa kuandika namba ya diski kwenye risiti, ondoka.

Tukirudi kwenye visanduku, DS223 ina prosesa ya kore nne, RAM ya GB 2 na mlango mmoja wa mtandao wa gigabiti. Si mashine ya kujivunia mbele ya wataalamu, lakini kwa bekapu haihitaji zaidi ya hapo. Inakubali mfumo wa mafaili wa Btrfs, unaoiwezesha kupiga picha za hali ya mafaili kila saa au kila siku, ili mtoto akiharibu folda leo urudishe ile ya jana. Mbele ina mlango wa USB wenye kitufe kidogo cha kunakili: ukishaipanga, unachomeka diski ya nje, unabonyeza, na mzee wa nyumbani asiyejua neno «folda» anaweza kuifanya kazi hiyo bila kumpigia mtu simu. Dada yake ndogo, DS223j, ina RAM ya GB 1 tu na haina mlango huo wa mbele. Tofauti ya bei haistahili.

Kwa ofisi, DS225+ inaongeza prosesa ya Intel, nafasi ya kuongeza RAM na mlango wa gigabiti 2.5; pia ina programu ya Active Backup for Business, inayochukua nakala ya kompyuta nzima ya Windows pamoja na mfumo wake bila ada ya leseni. Yule karani ambaye mashine yake imekufa anarudishiwa kila kitu kwenye mashine nyingine, hadi mpangilio wa printa. Ila ina doa: ilipotoka mwaka 2025, Synology walitaka modeli hizo mpya zitumie diski zilizoidhinishwa nao tu, wateja wakaja juu, na Oktoba mwaka huo huo kampuni ikalegeza masharti katika toleo la 7.3 la DSM, programu inayoendesha NAS zake. Ukinunua, hakikisha unaanza na toleo hilo au la baadaye. Ukiikuta DS224+ ya zamani kidogo kwa bei nzuri, ichukue. Haikuguswa na mzozo huo.

QNAP TS-264 kwa vifaa inaishinda DS225+ waziwazi, maana ina RAM ya GB 8, milango miwili ya gigabiti 2.5 na hata mlango wa HDMI. Nimeishusha kwa sababu ya historia ya usalama. Aprili 2021 wahalifu wa Qlocker walifunga mafaili ya watu katika vifaa vya QNAP, na Januari 2022 wakaja wa DeadBolt. Waathirika wengi walikuwa wameiacha NAS ionekane moja kwa moja kutoka kwenye intaneti. Ukiinunua, zima huduma ya ruta iitwayo UPnP, ambayo huruhusu vifaa vijifungulie njia ya intaneti, usifungue mlango wowote wa ruta kuelekea intaneti, na uingie ukiwa nje kwa VPN pekee, yaani njia iliyosimbwa. Ushauri huo unaihusu NAS ya kampuni yoyote, lakini kwa hii ni sharti.

UGREEN DXP2800 ndiyo mgeni anayenivutia. Ina prosesa ya Intel N100, RAM ya GB 8 na mlango wa gigabiti 2.5. Kampuni ilijulikana kwa waya na chaja kabla ya kuingia kwenye soko hili kwa kishindo mwaka 2024, na programu yake bado ni changa. Mpenda kujaribu atafurahi nayo; mwenye zahanati asubiri.

Kompyuta kuukuu ya ofisi, zile «used» kutoka Ulaya zinazojaa madukani, iliyowekewa OpenMediaVault au TrueNAS, programu za kuigeuza iwe NAS, ni chaguo la heshima kwa anayejua anachofanya, kwa kuwa programu zote mbili ni za bure na TrueNAS inahitaji RAM ya GB 8 tu kuanzia. Hasara yake ni umeme, na ni fundi: aliyeipanga akihama mji, umebaki na sanduku usilolielewa.

Mkiani naviweka vifaa vya diski moja vinavyoitwa «wingu la nyumbani». Juni 2021 wamiliki wa WD My Book Live waliamka na kukuta vifaa vyao vimefutwa vyote kutoka mbali. Mtengenezaji alikuwa ameacha kuvipa masasisho tangu 2015. Kabla ya kununua NAS yoyote, hata ya dukani kwa rafiki yako, tafuta itapewa masasisho hadi mwaka gani.

Umeme ni suala la pekee katika nchi zetu. NAS ya diski mbili inayokula wastani wa wati 20 hutumia uniti 14.4 kwa mwezi, kwa hiyo si LUKU ya kukutisha. Kinachoua ni kukatika ghafla katikati ya kuandika, na kurudi kwa kishindo. Kenya ilipoingia gizani karibu yote tarehe 25 Agosti 2023, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliguswa; duka lako halitaachwa. Nunua UPS ya 650VA yenye tundu la USB la data, si ile isiyo na tundu hilo hata kama ni nafuu, kwa sababu kupitia waya huo NAS inaambiwa kwamba umeme umekatika na kwamba ijizime kwa utaratibu baada ya dakika chache. Betri yake ibadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu. Synology wameandika kikomo cha joto cha mazingira kuwa nyuzi 40. Chini ya bati lisilo na dari, Dar es Salaam mwezi Februari, kikomo hicho hakiko mbali. NAS iweke chini, penye hewa, mbali na jiko na mbali na dirisha la upande wa bahari.

Ile diski ya nje iliyotajwa mwanzoni si ya hiari. Soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na katika moto wa namna ile nakala zilizomo katika jengo moja na mafaili asilia huteketea pamoja nayo. Mwizi naye hubeba NAS kwa mkono mmoja. Programu ya Hyper Backup ya Synology, au HBS 3 ya QNAP, huandika nakala iliyosimbwa kwa nenosiri kwenye diski hiyo kila wiki, kisha inaondoka na mwenye duka. Zahanati, shule na SACCOS zisiruke hatua ya kusimba, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, kama ilivyo ya Kenya ya 2019, inamdai mtunza taarifa azilinde, na diski iliyosahaulika kwenye daladala inasomwa na yeyote.

Mwisho, angalia ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti. Nyingi za laini ya simu zina milango ya megabiti 100, ambayo hupitisha takriban MB 11 kwa sekunde. Siku ya kurudisha 4TB utasubiri zaidi ya siku nne. Swichi ndogo ya mtandao ya gigabiti, yaani kigawio cha waya za mtandao chenye milango mitano, kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, inashusha muda huo hadi saa kumi hivi, mradi kompyuta nayo iwe imechomekwa kwenye swichi hiyo hiyo kwa waya wa Cat5e au Cat6.