Sayari: ipi njia bora ya kale ya kuzifuatilia, vibao vya Babeli au maduara ya Ptolemy?

Wababeli waliandika kwenye vibao vya udongo lini sayari ya Zuhura ilionekana na lini ilipotea. Wakatambua kwamba kila miaka 8 hukamilisha mizunguko 5 ya aina hiyo. Kwa kutabiri tarehe, nawapa wao ushindi. Umbali hawakuuhitaji.

Ptolemy, mwanafalaki wa Aleksandria, karne ya 2 BK, alitumia jiometria: Mirihi inazunguka duara dogo linalobebwa na duara kubwa, hivyo hukaribia Dunia, kisha hujitenga. Alikadiria umbali wake mkubwa kuwa mara 7 ya ule mdogo. Ajabu ni kwamba vipimo vya leo, takriban kilomita milioni 55 hadi 400, vinakaribiana mno na uwiano huo, ingawa aliiweka Dunia katikati!